Maswali dadisi: Mtoto wa Mkomani anajua kuuliza, je, shule inajua kusikiliza?

UCHAMBUZI

MTU aingiapo katika nyumba ya mawe ya kale mtaani Mkomani, kisiwani Lamu, hushangazwa na jambo moja mara tu apitapo daka na kuuacha nyuma mwangaza wa ndia. Vyumba ni virefu, tena vimepambwa kwa zidaka na nakshi za chokaa ambazo hakuna fundi wa siku hizi angezimudu kwa urahisi, lakini ni vyembamba mno. Aliyejenga nyumba hiyo katika karne ya 18 alikuwa mtu wa mali na vyombo. Mbona basi hakujijengea chumba kipana?

Jawabu limo darini. Dari za Mkomani zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko, ikishapita takriban mita tatu, haihimili uzito wa mawe ya matumbawe na chokaa yaliyopangwa juu yake. Mti wa ufuoni ndio uliokata kipimo cha ukumbi wa tajiri.

Swali hilo moja lina hesabu ndani yake, na sayansi, na historia ya biashara iliyowafikisha mabaharia wa Lamu hadi Ghuba na boriti zao. Lina siasa pia, kwa kuwa kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya, na marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 iliwagusa wakataji wa mikoko wa visiwani sawasawa na wapasuaji mbao wa Mau. Mwalimu mwenye uzi wa kupimia na subira angeweza kulifundishia swali hilo wiki mbili nzima bila ya kutoka nje ya mtaa.

Kufundisha kwa namna hiyo, yaani kumwanzishia mtoto swali kabla ya kumpa jibu na kumwacha apime, aulize, akosee na arekebishe, ndiko kunakoitwa kujifunza kwa udadisi. Kwa miaka mingi jambo hilo limehesabiwa nchini kuwa ni la shule za kimataifa, zile ambazo ada yake ya mwaka huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na nyingine hupita milioni. Tangu Januari 2019, hata hivyo, serikali ilipouanzisha rasmi mtaala wa umilisi kote nchini, mzazi wa Mkomani ameambiwa kwamba mwanawe naye atasomeshwa kwa udadisi katika shule ya umma. Ahadi hiyo ndiyo tunayotaka kuipima hapa, kwa kuwa kundi la kwanza la mtaala huo limekwisha kuingia Gredi ya 10, na visingizio vya ugeni vimepungua.

Tuanze na wenye nacho. Shirika la International Baccalaureate, lililoasisiwa Geneva mwaka 1968 kwa ajili ya mitihani ya vijana wa sekondari, lilianzisha programu yake ya shule za msingi mwaka 1997. Ni ya watoto wa miaka 3 hadi 12, na haianzi na masomo bali na mada kuu sita: sisi ni nani, tuko wapi katika mahali na wakati, tunajieleza vipi, dunia inafanyaje kazi, tunajipanga vipi, na namna ya kuishi pamoja katika sayari hii. Hesabu, lugha na sayansi huingizwa ndani ya mada hizo. Mwaka wa mwisho wanafunzi huchagua jambo linalowakera au kuwavutia, wakalichunguza kwa wiki kadhaa, kisha wakawaonyesha wazazi walichokipata. Pwani ya Kenya, mfano ujulikanao zaidi ni Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003.

Tuutazame sasa mtaala wa umma. Afunguaye kijitabu cha mtaala cha Taasisi ya Kustawisha Mitaala, KICD, ataona safu yenye kichwa "Maswali Dadisi" kando ya matokeo yanayotarajiwa na shughuli za ujifunzaji. Kila mada ndogo ina swali lake. Ataona pia umilisi saba wa kimsingi, kuanzia mawasiliano na ushirikiano hadi kufikiri kwa kina na kujifunza namna ya kujifunza. Kwa maandishi, basi, umbali kati ya Kizingo na Mkomani si mkubwa. Mwenye kusoma vitabu hivyo viwili bila ya majalada asingetambua upesi kipi ni cha mtoto wa balozi na kipi ni cha mtoto wa mvuvi.

Umbali uko kwingine. Kwa miaka mingi serikali imekadiria shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, na shilingi 15,042 kwa wa sekondari msingi. Pesa hizo za msingi ni za vitabu, chaki, ukarabati na mengineyo. Si ajabu kwamba gharama ya udadisi ilimwangukia mzazi. Kila mmoja wetu anakumbuka malalamiko ya miaka ya mwanzo: karatasi za rangi, picha za kuchapishwa mjini, mtoto anaporudi usiku akidai gundi na chupa tupu. Septemba 2021 jambo hilo lilifikishwa hadi Mahakama Kuu na wakili mmoja aliyeupinga mtaala wenyewe. Katika malalamiko hayo palikuwa na haki na palikuwa na kutofahamiana. Walimu wengi walikuwa wamepata mafunzo ya siku chache tu, wakadhani kwamba udadisi ni kazi za mikono. Mtoto akikata karatasi na kubandika hajadadisi kitu ikiwa hakuna swali lililomtuma kukata.

Nasema hivi kwa kuwa Lamu haikosi vitu vya kuulizia. Haikosi chochote. Chukua maji. Visima vya mji wa Lamu hutegemea maji matamu yaliyojihifadhi chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mchanga huo ukijengwa majumba, au maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Mtoto wa Gredi ya 5 anaweza kuchukua chupa tatu za maji kutoka visima vitatu, akazichemsha hadi zikauke, na akaona kwa mato yake ni kipi kilichoacha chumvi nyingi. Vifaa vyake ni sufuria na jiko. Au chukua bahari yenyewe. Watoto wa mabaharia hujua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Hujua kwamba kusi hufunga njia fulani na kaskazi huifungua. Ujuzi huo ni fizikia ya mwezi na jua. Ni mara ngapi mwalimu amewauliza wanachojua kabla ya kuwaandikia ubaoni maana ya "mvutano"?

Hapa pana hoja ambayo wapinzani wa mtaala huipenda, kwamba udadisi ni mila ya kigeni na kwamba Mswahili humlea mtoto kwa adabu ya kunyamaza. Kuna ukweli kiasi. Mtoto anayeuliza sana mbele ya wageni huitwa mjuvi, na hakuna mama wa Mkomani atakayefurahi mwanawe akimkatiza mzee barazani. Lakini tusichanganye adabu na ububu. Watoto wa pwani wamelelewa kwa vitendawili, na kitendawili ni swali ambalo mtegaji hukataa kulijibu mpaka msikilizaji ajaribu na ashindwe, tena alipe mji. Ushairi wa Lamu umejengwa juu ya fumbo na majibizano. Chuoni nako, ambako watu husema hapana ila kukariri, kila mtoto huwa na sabaki yake, husonga kwa mwendo wake, na mkubwa humsaidia mdogo. Darasa la watoto hamsini wanaolazimishwa kufungua ukurasa mmoja kwa dakika moja ni uzushi wa shule ya kikoloni. Na katika darsa za watu wazima, Riyadha na kwingineko, mtu kuuliza masala mbele ya sheikh si utovu wa heshima hata kidogo.

Isitoshe, pwani imekwisha kulifanya jambo hili kwa mafanikio. Katikati ya miaka ya 1980, Mombasa ilianzisha mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, ambapo akina mama wa mitaa yenyewe walifunzwa kuwa walimu, na vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, kokwa, makuti na kombe za ufuoni. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliuchunguza, na katika makala yao ya mwaka 2008 walionyesha kwamba watoto waliopitia shule hizo walipiga hatua kubwa zaidi ya akili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali na kuliko waliobaki nyumbani. Walimu hao hawakuwa na shahada wala maabara. Walikuwa na mafunzo ya muda mrefu, na mtu wa kuwatembelea darasani na kuwarekebisha. Tofauti kati yao na mwalimu wa 2019 aliyeitwa kwenye semina ya siku chache ni hiyo.

Hata hivyo, mshabiki wa udadisi anapaswa kusikia upande wa pili, nao si wa wajinga. Mwaka 2006 wataalamu watatu wa saikolojia ya elimu, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark, waliandika kwamba mwanafunzi asiye na maarifa ya msingi hanufaiki akiachwa agundue mwenyewe. Akili yake hulemewa, na mwalimu angemwokolea wakati kwa kumweleza waziwazi. Kenya yenyewe ina ushahidi wa karibu na huo. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2009, zilionyesha kwamba takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Dawa iliyofuata, mpango wa Tusome ulioenezwa katika shule za umma kuanzia mwaka 2015, haikuwa ya udadisi hata chembe: mwalimu alipewa mwongozo unaomwambia aseme nini kila somo, kitabu kwa kila mtoto, na mkaguzi wa kumsikiliza. Na kusoma kuliimarika.

Je, mambo haya mawili yanapingana? Kwa maoni yangu, hayapingani mpaka mtu ayalazimishe. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kudadisi kitabu, na asiyejua kugawanya hawezi kupima chumba. Shule nzuri za kimataifa hazifichi jambo hili. Wanaotembelea madarasa yao huona maswali makubwa ukutani, lakini asubuhi watoto husoma, huandika imla na hufanya hesabu kama watoto wengine wote. Kosa la shule nyingi za umma lilikuwa kufanya nusu ya hili na nusu ya lile: kuacha mazoezi kwa jina la mtaala mpya, na kutouliza kwa sababu ya wingi wa wanafunzi.

Historia imewahi kutuonya. Mwaka 1957, Nairobi ilianza kujaribu mfumo uliokuja kuitwa New Primary Approach, uliosifiwa kwa kumfanya mtoto atende badala ya kusikiliza tu. Ulianzia katika shule za Wahindi, ukafanikiwa mikononi mwa walimu wachache walioandaliwa vyema. Baada ya uhuru ulienezwa kwa pupa kote nchini, mikononi mwa walimu ambao wengi wao hawakuwa wamefunzwa, na haukuchukua muda kabla ya kubaki jina. Uliacha urithi mmoja mzito: Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza katika shule nyingi.

Na hapo ndipo ninapoona kizuizi kikubwa kuliko vyote, ingawa hakitajwi sana katika mijadala ya televisheni. Sera husema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi Gredi ya 3. Lamu ina bahati ambayo kaunti nyingi hazina: lugha ya nyumbani ni Kiswahili, na Kiamu ni miongoni mwa lahaja zilizobeba fasihi kongwe zaidi ya lugha hii. Lakini ziko shule ambazo mtoto akisema "mai" badala ya "maji", au "yuwa" badala ya "jua", husahihishwa kana kwamba ametukana. Kisha katika Gredi ya 4 masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili hugeuka Kiingereza. Swali ni kitu cha hatari kwa mtoto. Humfichua kwamba hajui. Kumtaka alitoe katika lugha ambayo pia haijui ni kumtaka ajifichue mara mbili. Nami nakumbuka, nikiwa darasa la tano katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, nilitaka kujua kwa nini chombo cha mbao huelea na msumari wake huzama. Nilikuwa na swali zima kichwani. Sikuwa na maneno yake kwa Kiingereza, na kengele ililia nikiyatafuta.

Watoto wengi wa shule za kimataifa hawana shida hiyo. Kiingereza wanacho kutoka nyumbani, kwenye vitabu na kwenye runinga. Kwa hiyo tukiwaona wakiuliza kwa ufasaha tusiharakishe kusema kwamba mbinu ya kufundishia ndiyo iliyowafungua midomo. Huenda ni lugha tu. Mwalimu Julius Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, alitaka shule imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini. Na Tanzania ilichagua Kiswahili kiwe lugha ya shule zake za msingi. Mengine mengi hayakwenda alivyotaka, lakini mtoto wa Tanga aliweza kumuuliza mwalimu wake kwa lugha ya mamake.

Lipo pia suala la mtihani. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na nafasi yake ikachukuliwa na tathmini ya Gredi ya 6, iliyoanza mwishoni mwa 2022, pamoja na ile ya Gredi ya 9 iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025 na wanafunzi zaidi ya milioni 1.1. Kazi za darasani huingia katika hesabu, na hilo ni jema. Lakini mwalimu ni binadamu. Akishajua kwamba alama za karatasi ya mwisho ndizo zitakazompeleka mwanafunzi wake katika shule nzuri ya sekondari ya juu, atarudi kwenye maswali ya kuchagua jibu sahihi, na maswali dadisi yatabaki katika safu yake ya kitabu.

Kwa nini jambo hili liwe zito kwa Lamu hasa? Kwa sababu katika miaka hii Lamu imekuwa ikiulizwa maswali makubwa na watu wa mbali, na imebidi ijifunze kuuliza yake. Gati la kwanza la bandari mpya katika Ghuba ya Manda lilianza kazi Mei 2021. Kabla ya hapo, wavuvi na wenyeji walikuwa wamekwenda mahakamani kuuliza njia zao za bahari zingekuwaje. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyo, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa ni ile ile: wenyeji hawakupewa nafasi ya kweli ya kuelewa na kuhoji ripoti ya athari kwa mazingira.

Fikiri, msomaji, ripoti kama hiyo ni kitu gani. Ni mamia ya kurasa, kwa Kiingereza, zenye majedwali ya joto la maji, vumbi na samaki. Mtu wa kuisoma na kusema "takwimu hii imepimwa wapi, na msimu gani, wa kusi au wa kaskazi?" haokotwi njiani siku ya kesi. Hutengenezwa kwa miaka kumi na miwili, kuanzia chupa tatu za maji ya kisima. Safari ile ilikuwa na watu wachache waliojitolea, pamoja na mawakili na mashirika ya kutetea mazingira. Itakapokuja ripoti nyingine, na itakuja, vijana wa Gredi ya 10 wa leo watakuwa watu wazima wenye kura.

Wala si watoto wote wa Lamu walioanza safari hii kwa usawa. Shule kadhaa za jamii ya Waboni katika upande wa Basuba zilifungwa kwa miaka kutokana na mashambulizi ya Al-Shabaab. Huko mjadala wa mbinu za kufundishia ni anasa, kwa kuwa lililokosekana ni mwalimu mwenyewe. Wengi wa walimu wanaopelekwa Lamu hutoka bara, na si haki kuwalaumu wakiomba uhamisho. Lakini mwalimu anayekaa mwaka mmoja hawezi kujua kwamba chumba chembamba cha nyumba ya jirani yake ni somo.

Hatua iliyo karibu zaidi haihitaji mabilioni. Mkomani ina jumba la makumbusho ufuoni, ngome ya kale iko hatua chache tu kutoka hapo, na mafundi wa jahazi wako Matondoni, kisiwa hicho hicho. KICD imekwisha kuacha nafasi katika mtaala kwa shughuli za nje ya darasa. Kinachotakiwa ni Tume ya Huduma za Walimu na idara ya elimu ya kaunti wakubaliane juu ya mambo mawili: walimu wa visiwani wapewe mtu wa kuwatembelea darasani mara kwa mara, kama walivyofanyiwa wale wa madrasa, na mtoto wa Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 aruhusiwe kuuliza swali lake la sayansi kwa Kiswahili, kisha ndipo asaidiwe kuliandika kwa Kiingereza. La kwanza linataka bajeti ya boti na mafuta. La pili linataka waraka wa ukurasa mmoja.